Naomba Minyoo ya Mbuzi Wangu Irudishwe

Bernardino Silvio,
Kitongoji cha Mikoroshoni,
Jirani na Mahurunga, Mtwara.
Jumamosi, tarehe 28 Machi.

Kwa Mkubwa wa Kazi wa Bi. Yustina, Afisa Mifugo.

Ndugu Mkubwa,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA AFISA ALIYEWAPONYA MBUZI WANGU BILA KUFIKIRIA MATOKEO

Nakuamkia kwa heshima zote. Ikiwa umri wako ni mdogo kuliko wangu, salamu hiyo iweke akiba, utaniamkia wewe tutakapoonana. Jina lako sikulikosa kwa uzembe. Bi. Yustina mwenyewe aliniandikia kwenye kipande cha boksi, nikakichomeka ukutani mwa banda, na mbuzi wakakila kabla sijalikariri. Kwa ushahidi huo peke yake ungeweza kunipa haki yangu, lakini nakuomba usome hadi mwisho kwa sababu mbele kuna mabaya zaidi.

Mimi ni mkulima wa korosho na mpunga kidogo, muumini wa parokia yetu, na mume wa mke mmoja, Upendo, ambaye amesimama nyuma yangu ninapoandika. Nina mbuzi kumi na mmoja, mbwa mmoja, na kuku ambao habari zao zinakuja kwa sababu nao ni lalamiko. Babu yangu alivuka Ruvuma akitokea upande wa Msumbiji na mbuzi wawili, na mbuzi hao walivuka na minyoo yao tumboni. Tangu hapo ukoo wetu, mbuzi wetu na minyoo yetu tumeishi pamoja, na hakuna aliyemwuliza mwenzake katokea wapi.

Oktoba mwaka jana Bi. Yustina akaja na pikipiki, kikoba na bomba la kunyweshea dawa. Alitukusanya penye kisima akatueleza mambo mageni. Alisema manyoya yaliyosimama, kuhara, tumbo kubwa juu ya miguu myembamba, na ule uvimbe chini ya taya ambao sisi tulidhani ni sura ya ukoo wa mbuzi wetu, vyote ni kazi ya minyoo inayofyonza damu. Alimshika mbuzi wangu mmoja mbele za watu, akalivuta kope la chini, na ndani palikuwa peupe kama unga wa muhogo. Akasema kwa mbuzi mzima hapo huwa pekundu. Kisha akawapima wote kwa kamba kifuani ili ajue uzito, akawanywesha, akatuagiza tusiwapeleke bondeni asubuhi umande ukiwa haujakauka, kwa kuwa vitoto vya minyoo hupanda juu ya majani na umande. Januari akarudi tena, na wala hakuna aliyemwita.

Tangu hapo sina raha. Nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Mbuzi wanakula. Zamani mbuzi wangu akipewa tawi moja la mbaazi alilitafuna asubuhi hadi adhuhuri, huku akilitazama kwa huzuni. Sasa tawi linakwisha kabla sijageuka, halafu wananitazama mimi. Wamekula mkeka wa kupumzikia. Wamekula mguu mmoja wa suruali iliyoanikwa. Wamekula kalenda ya parokia, na tangu mwezi uliopita nyumba yetu haijui sikukuu ipi inakuja mpaka tusikie kengele.

2. Jirani yangu ni Mwalimu Samweli, mstaafu aliyekuja kufundisha huku kutoka mbali akaamua kubaki. Ana shamba zuri la mihogo na amelizungushia boma la miiba ambalo mbuzi mwenye minyoo hakuweza kuliruka hata kwa ndoto. Kati ya mabeberu wangu yuko mmoja ambaye tulimwita Mstaafu, si kwa kumdhihaki Mwalimu, bali kwa sababu tangu azaliwe hakuonekana kufanya kazi yoyote. Baada ya dawa, Mstaafu amerejea kazini. Analiruka boma lile asubuhi na jioni, na wengine wanamfuata. Mwalimu huniletea barua ya lawama kila wiki na hunitaka nijibu kwa maandishi. Majibu yangu huyasahihisha kwa wino mwekundu na kunirudishia. Wiki iliyopita nilipata nne kati ya kumi.

3. Mbwa. Mbwa wangu alikuwa na kupe masikioni na viroboto kila mahali. Alikaa mlangoni akijikuna na kutikisa kichwa mchana kutwa, na mpita njia asiyemjua alidhani ana kichaa, akazunguka kwa mbali. Huo ndio ulinzi tuliokuwa nao na ulitosha. Bi. Yustina akamwogesha kwa dawa, akamtoa kupe mmoja mmoja, akamsifu kwa jina. Sasa mbwa ana manyoya ya kung'aa na tabia za mwenye hoteli. Wageni anawapokea njiani, anawalamba mikono na kuwaongoza hadi jamvini. Wageni wameongezeka.

4. Kuku wangu walikuwa na utitiri. Kuku mwenye utitiri akiatamia siku mbili tatu hushindwa na wadudu, akakimbia kiota, na mayai tukala sisi. Ulikuwa utaratibu mzuri. Sasa viota vimepuliziwa dawa, kuku wanakaa siku zote ishirini na moja wakiwa wametulia, na vifaranga wametapakaa uani hadi tunatembea kwa kunyatia. Yai sijaonja tangu Noeli.

5. Lalamiko la tano lilimhusu mke wangu Upendo. Amelisoma. Limefutwa.

6. Hili la sita ndilo lililoniketisha kuandika, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Kwetu mjomba si mtu wa kupita. Mtoto wa dada yako akiolewa, anayetazamwa ni wewe, na mbuzi wa mezani kwa wakwe hutoka katika banda lako. Dada yangu Claudia ana binti, jina lake Neusa. Baba yake Neusa alivuka kwenda upande wa pili kutafuta maisha mtoto akiwa bado anatambaa, na hadi leo bado anayatafuta. Kwa hiyo niliyemwandikisha shule ni mimi, na niliyemshika mkono siku ya komunyo ni mimi. Jumamosi baada ya Pasaka anaolewa na kijana wa bandarini. Wakwe ni watu wa Shangani, kule Mtwara mjini, wafanyakazi waliotoka mikoa ya mbali, hawatujui. Watakachokijua kuhusu ukoo wa bibi harusi ni kile watakachokiona siku hiyo.

Sasa sikiliza hesabu yangu. Kwa miaka sita, kila penye shughuli ya ukoo nilikuwa na udhuru. Nilisema mbuzi wangu ni wagonjwa, na walikuwa wagonjwa kweli. Masika moja nilizika watoto saba wa mbuzi chini ya mkorosho mmoja, na hilo silitanii, liliniuma na linaniuma hadi sasa. Nilikwenda kwenye sherehe za watu nikiwa na jogoo mwembamba kwapani, nikakaa pembeni, nikaona aibu. Lakini aibu, Mkubwa, ukiivaa sana inakaa mwilini kama kiatu cha mtumba. Kufika mwaka wa tatu nilianza kuona utamu wake. Hakuna aliyeniomba kitu, na hakuna aliyepita kwangu kwa bahati mbaya wakati wa chakula. Minyoo ilikula kidogo kidogo kwa ndani, na kwa sababu hiyo ndugu hawakula kabisa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mimi zimwi langu nilikuwa nimelizoea.

Leo mbuzi wananing'aria uani, na udhuru umekufa pamoja na minyoo. Claudia alikuja, mbwa akampokea, akamtazama Mstaafu kuanzia pembe hadi mkia, akasema huyu ndiye wa Neusa. Hakuuliza. Nikamwambia asiharakishe, kwa kuwa Mstaafu kwa nje ni mzima ila kwa ndani ana hali. Akasema atarudi Jumapili na mashangazi wawili wa bwana harusi wamwone huyo mwenye hali.

Nakiri kwamba Jumapili hiyo nilifanya jambo ambalo halikufaulu. Nilikumbuka mafunzo ya penye kisima, ule uvimbe chini ya taya. Nikachukua donge la ugali wa muhogo, nikalifunga chini ya taya ya Mstaafu kwa kitambaa cha khanga kuukuu, nikalibana vizuri hadi likaonekana kama uvimbe uliofungwa dawa. Wageni walipofika walisikitika sana. Shangazi mmoja alisema pole. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, naeleza jinsi ugonjwa ulivyoanza, ndipo jike mmoja akanyoosha shingo kutoka nyuma akaanza kuula ule uvimbe. Mwingine akaja upande wa pili. Mstaafu mwenyewe alijitahidi kuinamisha mdomo apate fungu lake. Kwa muda wa Salamu Maria mbili uvimbe ukawa umekwisha na kitambaa kikafuata.

Claudia hakucheka. Alimshika Mstaafu pembe, akalivuta kope kama alivyofundishwa na mtumishi wako, na ndani palikuwa pekundu. Akaniambia mbele ya wakwe, "Kaka, mbuzi huyu ni mzima kuliko wewe."

7. Kutokana na hilo la sita, nalalamikia elimu yenyewe. Dawa inakwisha kwenye chupa, lakini elimu haiishi. Wanawake wote wa kitongoji sasa wanajua kope. Wamemaliza mbuzi wamehamia kwa watu. Ukichelewa misa unavutwa kope, ukisema umechoka kulima unavutwa kope. Upendo amelivuta la kwangu, akaona halikumridhisha, na tangu siku hiyo nakula mchicha asubuhi na jioni kama sungura.

8. Nisije nikaambiwa nimekaa tu nikingoja serikali. Wiki sita sasa, kila alfajiri, namchukua Mstaafu peke yake na kumpeleka bondeni kando ya majaruba, kwenye majani mabichi yenye umande, pale pale Bi. Yustina alipotukataza. Nakaa naye hadi miguu yangu inalowa. Ninafanya hivyo kwa faragha, na Upendo, ambaye sasa hivi ametoka kuteka maji, nimemwambia nakwenda kuangalia mpunga. Anakula kwa furaha na anarudi akinirukia. Kama minyoo imemwingia basi haina bidii ya ile ya zamani, na hiyo nayo ni hasara iliyoletwa na ofisi yako, kwamba hata minyoo iliyobaki imekata tamaa.

Mkubwa, tufikiri pamoja. Mtu akikuponyea mbuzi, mbuzi ananenepa. Akinenepa anaonekana. Akionekana anaombwa. Akiombwa na ukikataa, wewe si mjomba, na ukikubali, huna mbuzi. Ukiwa huna mbuzi, dawa ilikuwa ya nini? Kwa hiyo aliyemponya ndiye aliyemchinja, na aliyemchinja ni mtumishi wako, kwa pikipiki yako. Mimi nimelizungusha jambo hili kichwani siku nyingi na sijaona mahali linapovuja.

Basi naomba yafuatayo:

(a) Minyoo irudishwe. Najua ile yenyewe imekufa, sidai ile ile. Naomba mingine ya aina hiyo, angalau kwa Mstaafu, angalau mpaka harusi ipite.

(b) Mafunzo ya kope yasitolewe tena kwa mwanamke yeyote mwenye kaka.

(c) Bi. Yustina ahamishwe. Simtakii mabaya, ni binti mwenye adabu, na anapoinama kumtazama mbuzi huongea naye kwanza. Apelekwe Mikindani kwenye zile nyumba za mawe, apewe kiti chenye kivuli, ambako hakuna wa kuponywa isipokuwa paka.

Nisalimie nyumbani kwako wote, wakubwa kwa wadogo. Nisalimie dereva wako na yule anayefungua barua kabla yako, ambaye najua amefika hadi hapa. Upendo anakusalimu na anasema usinisikilize. Mwalimu Samweli anakusalimu pia. Aliiona rasimu ya barua hii na amenipa sita, kwa hiyo naona napiga hatua. Kama nyumbani kwako mnafuga, wape pole mbuzi wako wote walio wazima.

Nabaki wako, katika hasara ya afya njema,

Bernardino Silvio.

Nyongeza, Jumatano tarehe 1 Aprili.

Ndugu Mkubwa, barua hii ilikuwa bado inamngoja Bi. Yustina apite aichukue, kwa kuwa ndiye peke yake mwenye pikipiki ya kuja huko, pale Mstaafu alipokataa kula. Ilikuwa jana asubuhi. Mbuzi aliyemaliza kalenda nilimpa majani ya mbaazi akageuza uso. Nilipompapasa, chini ya taya palikuwa palaini na pamevimba, na safari hii hapakuwa na ugali. Nikalivuta kope. Peupe.

Nilikuwa nimekipata nilichokiomba, bila kibali chako, siku kumi na moja kabla ya harusi. Ningeweza kutulia tu, nikamwita Claudia aje aone. Badala yake nikajikuta barabarani nasukuma baiskeli, Mstaafu amefungwa kwenye tenga nyuma, jua la saa sita kichwani, nauliza kila kijiji kama pikipiki ya afisa mifugo imepita. Njiani nililia. Sioni sababu ya kuficha, Mkubwa, nililia nikimwomba radhi mbuzi, na watu wa kijiji cha pili walinisalimia hivyo hivyo nikiwa nalia.

Kijiji cha tatu nikampata. Bi. Yustina aliangalia kope, akaniuliza nimekuwa nikimlisha wapi. Nikamwambia ukweli wote, bonde, umande, wiki sita, na sababu yake. Alimpima kwa kamba kifuani, akamnywesha, akaniambia nimshukuru Mungu nimewahi. Kisha akaniandikia karatasi, akatia saini na muhuri, kwamba mbuzi huyu amepewa dawa na nyama yake isiliwe na mtu kabla ya siku kumi na nne kupita.

Hesabu mwenyewe. Nina udhuru mkononi wenye muhuri, ambao hata Claudia na kope zake hawezi kuutengua. Miaka sita sikuwahi kuwa na udhuru wa aina hii. Jana jioni niliusoma mara nne.

Leo Neusa amekuja kumwona mgonjwa. Mambo ya mbuzi wa harusi hakuyagusa. Alimshikia Mstaafu ndoo ya maji, akasema tu, "Njomba, hata ukija mikono mitupu, wa kunishika mkono ni wewe." Alipoondoka nilifungua banda nikatoa mabeberu wawili, wanene wote, nikawaswaga hadi kwa Claudia. Aliwavuta kope wote wawili kabla ya kunikaribisha kukaa. Akaniletea kiti, akakiweka katikati ya watu.

Kwa hiyo maombi yangu yote matatu nayaondoa, na lile la uhamisho nakuomba ulifute kwa wino mzito asije mtu akalisoma. Bi. Yustina asiguswe. Karatasi yake ile nimeiambatanisha humu pamoja na barua. Tafadhali ikae kwenye faili lenu mpaka harusi ipite, kwa maana mimi najijua.

B. S.